Maji ya Tangi la Matumbawe: Kuyaandaa, Kuyapima na Kuyaweka Yametulia

Tangi la matumbawe lenye lita 200 hupoteza lita 2 hadi 4 kwa siku kwa uvukizi tu. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Wakati huohuo samaki wanatoa amonia, matumbawe yananyonya kalsiamu kujenga mifupa yake, na mabaki ya chakula yanaoza chini ya mawe. Baharini mambo haya hupotea ndani ya ujazo mkubwa kiasi kwamba hakuna kiumbe anayeyahisi. Ndani ya kioo yanaonekana kwenye vipimo kabla ya wiki kwisha. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyapunguza kasi, maana matumbawe huvumilia namba iliyo pembeni kidogo ya lengo kwa miezi, lakini mara nyingi hayavumilii namba iliyoruka usiku mmoja.

Namba za kulenga ni hizi:

- Joto: nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi, lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 1 kwa siku
- Chumvi: gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na uzito linganishi wa takriban 1.026
- Alkalini (akiba ya bikaboneti na kaboneti majini, hupimwa kwa nyuzi za ugumu wa kaboneti, dKH): dKH 7.5 hadi 9
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita
- Magnesiamu: miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita
- pH: 7.8 hadi 8.4
- Nitrati: miligramu 2 hadi 10 kwa lita
- Fosfati: miligramu 0.03 hadi 0.10 kwa lita
- Amonia na nitriti: sifuri

Hatua ya 1: Anza na maji yasiyo na kitu

Maji ya bomba huja na klorini au kloramini, fosfati, silika, na mara nyingine shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba ndiyo ya kuogopwa zaidi: kiasi ambacho samaki hakisikii kinaua kamba, konokono na matumbawe. Kwa hiyo maji yote yanayoingia tangini, ya kuchanganyia chumvi na ya kujazia, yapite kwanza kwenye mtambo wa RO/DI. Mtambo huo una kichujio cha takataka, kichujio cha mkaa, utando wa osmosisi, na mwishoni resini inayokamata madini yaliyoponyoka.

Weka kipima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, baada ya resini. Kinapaswa kusoma 0. Kikifika 1 au 2, badilisha resini siku hiyohiyo, usingoje ifike 10, kwa sababu resini iliyoshiba huanza kuachia vitu ilivyokuwa imevishika. Kichujio cha takataka na cha mkaa vibadilishwe kila baada ya miezi 6 hivi, au mapema zaidi kama maji ya eneo lako ni machafu. Mkaa ukichoka klorini hupenya na kuutoboa utando, na utando ndio sehemu ghali ya mtambo. Kama maji yako yana kloramini, vichujio viwili vya mkaa vilivyofuatana ni salama kuliko kimoja.

Jambo moja husahaulika: mtambo uliokaa bila kutumika hutoa maji yenye TDS kubwa kwa dakika chache za kwanza. Yamwage kabla hujaanza kukinga.

Hatua ya 2: Changanya chumvi kwenye ndoo, kamwe si tangini

Utaratibu ni huu. Jaza chombo cha plastiki cha chakula kwa maji ya RO/DI. Weka pampu ndogo na hita, yafike nyuzi 25. Kisha mimina chumvi taratibu huku maji yakizunguka, gramu 35 hadi 38 kwa lita kutegemea aina ya chumvi. Mpangilio una maana. Ukitangulia kuweka chumvi kisha ukamwagia maji, maji machache ya mwanzo yanakuwa mazito mno, kalsiamu na kaboneti vinagandana, na unabaki na unga mweupe chini ya ndoo ambao hautayeyuka tena. Alkalini na kalsiamu uliyolipia imekwenda na unga huo.

Yaache yazunguke saa kadhaa hadi yawe maangavu kabisa. Pima chumvi, rekebisha, pima tena. Gunia la chumvi lililofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa na madini hujitenga humo ndani, basi lifunge vizuri na ulitikise au kulibingirisha kabla ya kuchota.

Tumia refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, na uisahihishe kwa myeyusho maalumu wa 35, usitumie maji matupu. Refraktomita nyingi zinazosoma 0 sawasawa kwenye maji matupu hukosea kwa alama 1 au 2 zinapofika 35, na hapo ndipo unapozihitaji. Hidromita za mshale ni rahisi, lakini kiputo kimoja kidogo cha hewa kikishika mshale, usomaji wote ni uongo.

Hatua ya 3: Ngoja bakteria waote

Tangi jipya halina uwezo wa kusaga amonia. Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na yote mawili huota polepole juu ya mawe na mchanga. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Weka amonia ifike miligramu 2 kwa lita, ukitumia kloridi ya amoniamu au amonia isiyo na manukato wala sabuni. Pima kila baada ya siku 2. Tangi liko tayari pale unapoweza kuweka miligramu 2 na kesho yake amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Usipime nitrati katika kipindi hiki, maana nitriti ikiwa nyingi huvuruga kipimo cha nitrati na kukuonyesha namba kubwa isiyo ya kweli. Mwishoni badilisha sehemu kubwa ya maji, kisha ingiza viumbe wachache kwa wakati. Bakteria huongezeka kulingana na chakula walichozoea. Samaki sita wapya kwa siku moja ni mzigo ambao bado hawana nguvu ya kuubeba.

Hatua ya 4: Rudisha kilichovukizwa, kila siku

Uvukizi hujaziwa kwa maji ya RO/DI yasiyo na chumvi. Ukijazia maji ya chumvi unaongeza chumvi juu ya chumvi, na kosa hili bado linaua matangi mengi ya wanaoanza.

Kifaa cha kujazia chenye boya au kihisi ni miongoni mwa vitu vya kwanza vya kununua, kabla ya taa ya kifahari. Kiweke kwenye tangi la chini (tangi la ziada chini ya tangi kuu, ambako maji hushuka na kurudishwa juu kwa pampu), mahali kina cha maji kinapobadilika. Boya hukwama: konokono hukaa juu yake, au mwani huota kwenye bawaba. Ndiyo maana pipa la kujazia liwe dogo kiasi kwamba hata likimwagika lote tangini, chumvi haitashuka zaidi ya alama 2. Kwa lita 200, pipa la lita 10 linatosha kwa siku 3 hivi.

Ukikuta chumvi imepanda, hesabu ni rahisi. Tangi la lita 200 linasoma 37, unataka 35. Gawa tofauti, 2, kwa 37, kisha zidisha kwa 200. Unapata karibu lita 11. Toa lita 11 za maji ya tangi, rudisha lita 11 za maji matupu, ukigawa kazi hiyo kwa siku mbili. Kumbuka kwamba lita 200 hapa ni maji halisi, baada ya kutoa nafasi inayokaliwa na mawe na mchanga na kuongeza yaliyo kwenye tangi la chini.

Hatua ya 5: Alkalini kwanza, kalsiamu baadaye

Kama una nafasi ya kupima kitu kimoja tu kwa ukawaida, pima alkalini. Tumbawe likijenga mfupa hutumia kalsiamu na alkalini kwa uwiano usiobadilika: kila dKH 2.8 inayotumika huenda na miligramu 20 tu za kalsiamu kwa lita. Alkalini ikishuka kutoka 8.5 hadi 7.5, umepoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya akiba yako, ilhali kalsiamu imetoka 430 hadi 423, tofauti ambayo kipimo cha nyumbani hakiioni. Alkalini hukupa habari siku nyingi kabla ya kalsiamu.

Kwanza jua tangi lako linakula kiasi gani. Pima saa ileile kwa siku tatu bila kuongeza chochote. Tuseme unapata 8.6, kisha 8.1, kisha 7.6. Tangi linakula dKH 0.5 kwa siku. Gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu, yaani soda ya kuokea isiyochanganywa na hamira wala kitu kingine, huinua dKH 1 katika lita 100. Kwa lita 200 na dKH 0.5, hitaji la siku ni gramu 3. Upande wa kalsiamu, tangi hilohilo linakula miligramu 3.6 hivi kwa lita kwa siku, sawa na gramu 2.6 za kloridi ya kalsiamu aina ya dihaidreti.

Tengeneza chupa mbili:

1. Chupa ya alkalini: gramu 60 za soda, ongeza maji ya RO/DI hadi yafike lita 1.
2. Chupa ya kalsiamu: gramu 52 za kloridi ya kalsiamu dihaidreti, ongeza maji hadi lita 1. Chombo hupata joto kidogo wakati wa kuyeyusha, ni kawaida.

Mililita 50 za kila chupa kwa siku zinarudisha kilicholiwa. Usizimwage pamoja. Zikikutana kabla hazijatawanyika zinaganda kuwa mawingu meupe ya chokaa. Weka moja mahali penye mkondo mkali, ngoja angalau dakika 15, kisha weka ya pili, na ikiwezekana moja iwe asubuhi na nyingine jioni. Bora zaidi ni pampu ya dozi inayogawa mililita 50 hizo mara sita au nane kwa siku. Baada ya wiki pima tena. Matumbawe yanavyokua hitaji hupanda, na dozi iliyotosha miezi mitatu iliyopita sasa ni pungufu.

Ikiwa alkalini imeshuka sana, iinue kwa dKH 0.5 kwa siku, na 1 iwe kikomo. Acropora na jamaa zake, matumbawe magumu yenye matawi, hulipa gharama kubwa kwa haraka: ncha zinaungua na kuwa nyeupe, au ngozi inachunika kuanzia chini. Hali huwa mbaya zaidi pale alkalini iko juu, 10 au 11, huku nitrati na fosfati zikiwa karibu na sifuri. Wenye maji yenye virutubisho vichache namna hiyo wabaki 7.5 hadi 8.

Magnesiamu hupuuzwa hadi siku kalsiamu na alkalini zinapokataa kupanda pamoja hata uongeze vipi. Magnesiamu ndiyo inayozuia chokaa isijigandishe yenyewe majini. Ikishuka kuelekea 1,100, utaona ukoko mweupe kwenye hita na ndani ya pampu, na dozi zako zinaishia huko. Gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu heksahaidreti huinua miligramu 10 kwa lita katika lita 100. Magnesiamu hushuka polepole, kipimo kimoja kwa mwezi kinatosha.

Wengine hutumia maji ya chokaa, yaani haidroksaidi ya kalsiamu, gramu 1.5 hivi kwa lita, yakidondoka polepole usiku. Ni njia nzuri, inaleta kalsiamu na alkalini kwa pamoja na kuinua pH. Lakini pH ya maji hayo inazidi 12. Yakiingia kwa mkupuo kwa sababu boya limekwama, tangi zima linaweza kufa kabla ya asubuhi. Usiyatumie kupitia kifaa cha kujazia kisicho na kinga ya pili.

pH: usiifukuze

pH ya 7.8 alfajiri na 8.2 jioni ni ya kawaida, kwani mwani na matumbawe hunyonya hewa ya ukaa mchana na kuitoa usiku. Ikiwa alkalini iko sawa lakini pH haitoki 7.7, tatizo huwa ni hewa ya chumba. Jaribu hivi: chota glasi ya maji ya tangi, ipeleke nje, ipulizie viputo vya hewa kwa saa moja, kisha pima. pH ikipanda, nyumba yako imejaa hewa ya ukaa. Fungua dirisha, au vuta mpira wa hewa wa skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) hadi nje. Dawa za chupa za kupandisha pH zinapandisha alkalini tu, na pH inarudi ilikokuwa kesho yake.

Hatua ya 6: Nitrati na fosfati ziwepo, zisijae

Zikizidi, mwani wa nywele hufunika mawe na matumbawe magumu hugeuka kahawia. Zikiisha kabisa, matumbawe hupauka, na dinoflajelati, ule ute wa kahawia wenye viputo, hupata nafasi kwa sababu washindani wao wamekufa njaa. Sifuri ya nitrati si ushindi.

Skima ndiyo kazi ya kwanza, kwa sababu huondoa uchafu kabla bakteria hawajausaga. Mpya huchukua wiki moja au mbili kabla haijatoa povu zuri. Shingo yake isafishwe kila wiki, maana utando wa mafuta ndani ya shingo huvunja povu. Soksi ya kuchuja ibadilishwe kila siku 3 au 4. Ikiachwa zaidi, uchafu wote iliouzuia unaozea ndani yake na kurudi majini kama nitrati.

Baada ya hapo, angalia mkono unaolisha. Barafu ya chakula kilichogandishwa iyeyushwe kwenye chujio na maji yake yamwagwe. Mwani wa Chaetomorpha kwenye tangi la chini, ukiwashiwa taa usiku wakati taa za juu zimezimwa, hula nitrati na fosfati na pia huzuia pH isishuke sana alfajiri. Uvune unapojaa, kwa sababu virutubisho hutoka tangini pale tu unapoutupa.

Chembe za oksaidi ya chuma hushika fosfati kwa nguvu, nguvu kupita kiasi wakati mwingine. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa, zisuze hadi maji yasiwe na rangi ya kutu, na pima kila siku 2. Fosfati ikitoka 0.30 hadi 0.02 ndani ya siku tatu, matumbawe yataumia kuliko yalivyoumia na ile 0.30. Usishangae pia namba ikipanda tena wiki ya pili: mawe yaliyokaa kwenye fosfati nyingi yaliihifadhi, na sasa yanaiachia. Endelea taratibu.

Kama kipimo chako cha kidijitali kinasoma fosforasi kwa mikrogramu, zidisha kwa 3.07 na ugawe kwa 1,000 ili kupata fosfati. Usomaji wa 20 ni fosfati 0.06.

Hatua ya 7: Badilisha maji kwa utaratibu

Asilimia 10 kila wiki ni desturi nzuri. Inarejesha madini madogomadogo ambayo hakuna anayeyapima nyumbani, na inatoa vitu vinavyojikusanya, ikiwemo sodiamu na kloridi zinazotokana na chupa mbili za juu. Lakini usiitegemee kushusha nitrati iliyopanda sana. Nitrati ya 50 ikibadilishiwa maji asilimia 10 inakuwa 45, na baada ya mara tano bado ni karibu 30, hapo hatujahesabu inayozalishwa katikati.

1. Maji mapya yawe ndani ya nyuzi 1 ya joto na alama 1 ya chumvi ya tangi. Pima pia alkalini yake. Chumvi zinazochanganya kwa dKH 11 hazifai kwa tangi la 8 ukibadilisha maji mengi.
2. Zima hita na pampu ya kurudisha maji. Hita ikibaki hewani ikiwaka hupasuka.
3. Puliza mawe kwa pampu ndogo, uchafu uinuke, kisha vuta maji kwa mpira kutoka pembe zilizotulia. Mchanga wa zamani sana usiuchimbue wote kwa siku moja.
4. Rudisha maji mapya polepole, washa vyote, na kaa uhakikishe mkondo umerudi na hita inafanya kazi.

Afadhali hita zenyewe zife zikiwa zimezimwa, si zikiwa zimewaka, lakini hilo huwezi kuliamuru. Basi weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, na zote zipite kwenye kidhibiti cha nje. Moja ikikwama kwenye kuwaka, haina nguvu ya kuyapika maji. Maji yakipata joto kupita kiasi, feni inayopuliza juu ya tangi la chini hushusha nyuzi 2 au 3, na kujazia kutaongezeka kwa kiasi hicho.

Mambo yakiharibika

Amonia ikionekana kwenye tangi lililokomaa, kuna kitu kimekufa. Kitafute nyuma ya mawe, kitoe, badilisha maji asilimia 30, acha kulisha kwa siku 2. Kwenye pH ya 8.2 amonia ni kali kuliko kwenye maji baridi ya samaki wa kawaida, hivyo usingoje kesho.

Konokono wakianguka na matumbawe yakijikunja yote kwa wakati mmoja bila alkalini wala chumvi kubadilika, shuku metali. Kagua sumaku za pampu na za kusafishia kioo kama zina kutu, na viungio vya shaba kwenye mabomba. Toa chanzo, weka mkaa mpya wa kuchujia, badilisha maji.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni oksijeni. Washa pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika chache. Usilishe. Kichujio cha kopo kilichozimika kwa saa kadhaa kina maji yaliyooza ndani: yamwage na ukisuze kabla ya kukiwasha tena.